Barua pepe ya "oda yako imekwama": njia sita za kuikagua, na ipi uitegemee

Asubuhi moja ya Novemba nilikuta barua pepe mbili zimekaa jirani kwenye simu. Zote zilidai kutoka kwa duka moja la Marekani ambako huwa naagizia wateja wangu mizigo, na zote zilisema jambo lile lile: kadi imekataa, rekebisha malipo, la sivyo oda haitasafirishwa. Ya kwanza ilipendeza. Nembo ilikuwa na rangi yake, kitufe cha manjano kipo mahali pake, na jina langu lote limeandikwa bila kukosea hata herufi. Ya pili ilikuwa kama risiti iliyolowa mvua: maandishi yamejazana, picha hazikufunguka, salamu hakuna.

Nikaifuta ya pili. Baada ya siku tatu oda ikafutwa, lenzi ya mpiga picha wa harusi aliyekuwa ameshanilipa nusu. Kumbe ile mbaya ndiyo ilikuwa ya kweli. Ile nzuri niliiweka ili niishughulikie jioni, na jioni umeme ukakatika, simu ikazima chaji. Tanesco ndio walioniokoa siku hiyo, nami huwa siwashukuru mara nyingi.

Toka hapo nimeacha kujiuliza kama barua inafanana na ya kweli. Zinafanana, kwa sababu maduka ya kweli nayo hutuma barua za "kadi imekataa", zenye haraka na kitufe ndani yake. Ninachojiuliza sasa ni nitaikagua kwa njia gani, na njia hiyo hunidanganya wakati gani. Njia ninazoona watu wakizitumia ni sita. Nimezipitia zote, na uzito wake haulingani hata kidogo.

Kusoma lugha na kutazama sura

Hii ndiyo tuliyofundishwa wote: tafuta makosa ya Kiingereza, tafuta salamu ya "Dear Customer", tafuta nembo iliyofifia. Zamani ilisaidia. Utapeli huu ulishamiri kwa wateja wa AOL kule Marekani katikati ya miaka ya 1990, na kwa miaka mingi barua zake zilijaa vichekesho. Siku hizi tapeli anaandikiwa na akili mnemba Kiingereza kilichopigwa pasi, nembo anaichukua kwenye tovuti ya duka lenyewe, na jina lako analo kutoka kwenye orodha zilizovuja huko nyuma.

Kwa hiyo njia hii ina upande mmoja tu. Kosa la wazi likutie shaka, lakini usafi wa barua usiuhesabu kuwa ushahidi.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna nafuu moja ndogo. Amazon haina tovuti ya Kiswahili, hivyo ukiletewa "Mpendwa Mteja wa Thamani, kifurushi chako kimeshikiliwa kwa fadhili" chini ya nembo ya Amazon, hapo hapana haja ya kuumiza kichwa. Nafuu nyingine ni kujua nani bado yupo sokoni. Jumia ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019. Kenya inaendelea, kwa jumia.co.ke. Barua ya leo kutoka "Jumia Tanzania" yenye zawadi ya simu imetoka kwenye duka ambalo halipo.

Kukagua anwani ya mtumaji

Hapa kuna vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Kuna jina linaloonekana, na kuna anwani yenyewe. Jina anajiandikia mtumaji apendavyo. Hata mimi naweza kujiita "Amazon Huduma kwa Wateja" sasa hivi na barua ikakufikia hivyo. Simu nyingi huonyesha jina tu. Gusa jina hilo, au kishale kidogo kilicho chini yake, ndipo anwani itajitokeza.

Ukishaiona, angalia kilicho baada ya alama ya @, na usome ukianzia mwisho. Chukua mfano wa amazon.com.akaunti-yangu.top. Jicho la haraka linaona Amazon na kuridhika. Lakini mwenye nyumba ni yule wa mwisho, akaunti-yangu.top, hilo "amazon.com" la mbele ni kibao alichojitundikia. Mtu wa Manzese anaweza kuandika "Ikulu" mlangoni kwake, nyumba ikabaki kuwa ya Manzese. Kwa anwani za kwetu kumbuka kwamba .co.tz na .co.ke zenyewe zina vipande viwili, kwa hiyo unahesabu cha tatu kutoka mwisho: katika jumia.co.ke, mwenye nyumba ni jumia.

Halafu kuna mchezo wa herufi. Andika r na n zikiwa zimebanana, rn, kwenye kioo kidogo cha simu, zinasomeka kama m. Ndiyo maana kuna "arnazon". Mwaka 2000 kulikuwa na tovuti bandia ya PayPal ambayo herufi yake ya mwisho ilikuwa I kubwa badala ya l ndogo. Mwaka 2017 mtafiti Xudong Zheng alisajili anwani iliyoonekana "apple.com" kwenye baadhi ya vivinjari, kumbe herufi zote ni za Kisirili, zile za Warusi. Macho pekee yasingeweza kugundua.

Njia hii basi inakamata wengi, hasa wazembe, nami bado naifanya kila siku kwa sababu ni sekunde tano. Inakwama mahali pawili. Kwanza, mfumo wa kutuma barua pepe uliowekwa mwaka 1982 haukuwa na namna ya kuhakikisha mtumaji ni nani. Ukaguzi uliongezwa baadaye, kiraka juu ya kiraka. Kuanzia Februari 2024 Google na Yahoo zinawalazimisha wanaotuma barua kwa wingi (kwa Google ni kuanzia 5,000 kwa siku) kuwa na mpangilio unaoitwa DMARC, unaosaidia kukataa barua zilizoghushi anwani. Kwa maduka makubwa umesaidia sana. Kwa kaduka kadogo kanakojiendesha kwa barua moja ya Gmail, hausaidii kitu.

Mahali pa pili ndipo panaponikera zaidi. Anwani inaweza kuwa ya kweli kabisa na barua ikawa ya wizi. Matapeli wamekuwa wakifungua akaunti za PayPal, wanakutengenezea ankara ndani ya PayPal kwenyewe, na sehemu ya maelezo wanaandika: umekatwa dola mia kadhaa, kama si wewe piga namba hii. Barua inatumwa na mitambo ya PayPal, anwani ni yao, ukaguzi wote unapita. Kilicho cha tapeli ni hiyo namba ya simu.

Kuchungulia kiungo kabla ya kubonyeza

Kwenye kompyuta unaweka mshale juu ya kitufe bila kubonyeza, anwani inaonekana chini ya dirisha. Kwenye simu unashikilia kidole hadi kisanduku kijitokeze. Kanuni ya kusoma ni ile ile ya mwenye nyumba, ila kwenye kiungo unaanzia kwenye mkwaju (/) wa kwanza baada ya jina la tovuti, unarudi nyuma.

Sijaipenda njia hii, niseme ukweli. Maduka ya kweli hupitisha viungo vyao kwenye anwani ndefu za kampuni za matangazo, kwa hiyo barua halali mara nyingi huonekana chafu ukiichungulia. Tapeli naye ameshahama: anaweka msimbo wa QR wa kupiga picha, au PDF yenye kitufe ndani, na hapo huna cha kuchungulia. Na kushikilia kidole kwenye simu iliyopasuka kioo kama yangu ni kamari. Mara mbili nimefungua ukurasa nilioutaka tu niuchungulie.

Kuhusu kufuli karibu na anwani ya tovuti: lisahau. Kufuli husema mazungumzo kati yako na tovuti yamefichwa, basi. Halisemi unazungumza na nani, na cheti chake hutolewa bure kwa yeyote. Chrome yenyewe iliiondoa alama hiyo mwaka 2023 kwa sababu watu waliielewa kuwa ni muhuri wa uaminifu.

Kuiacha barua na kuingia dukani kwa mlango wako

Hapa hukagui barua kabisa. Unaifunga. Unafungua programu ya duka iliyo kwenye simu, au unaandika anwani ya duka kwa mkono wako, unaingia kwenye akaunti na kutazama mambo mawili: orodha ya oda, na sehemu ya ujumbe.

Watu wengi hawajui kwamba Amazon ina sanduku la ujumbe ndani ya akaunti, ambalo huonyesha barua walizokutumia. eBay nao, jambo linalohusu akaunti yako huliweka pia kwenye ujumbe wa ndani. Barua iliyo kwenye Gmail lakini haipo huko ndani, na inadai akaunti yako itafungwa, imeshajieleza. Oda nayo ni hivyo. Oda za kawaida za Amazon zina namba ya tarakimu 3, kisha 7, kisha 7, zikitenganishwa kwa vistari. Tapeli anaweza kuiga mpangilio huo vizuri tu. Asichoweza ni kuiingiza namba yake kwenye orodha yako ya oda.

Tazama nilivyolitumia hili. Mama mmoja wa Tandika, mteja wangu wa vitambaa, alinipigia usiku.

"Mwanangu, hawa wananiambia nimenunua simu ya dola elfu moja mia nne. Mimi! Nibonyeze nifute?"

"Shikamoo mama. Hapana, usibonyeze kwanza. Ile programu niliyokuwekea, ifungue."

"Marahaba. Nimefungua. Inazunguka."

"Ngoja izunguke. Kuna sehemu imeandikwa *Orders*. Unaona nini?"

"Naona zile foronya za mwezi wa tatu."

"Na simu?"

Kimya kidogo. "Simu hakuna."

Dakika nne, na nyingi kati ya hizo zilikuwa za mtandao kuzunguka. Nisingeweza kumfundisha mama yule kusoma anwani kutoka mwisho usiku ule, akiwa amepaniki kiasi kile.

Udhaifu wake upo. Inakula bando na muda. Ukinunua kama mgeni bila kufungua akaunti, huna pa kuingia. Itabidi uandike anwani ya duka na kuingiza namba ya oda uliyopewa siku ya kununua. Na usilitafute duka kwa Google ukabonyeza cha kwanza unachokiona, kwa sababu juu kabisa huwa ni tangazo la kulipiwa, na matapeli nao hulipia.

Kupiga simu huduma kwa wateja

Wazee wanaipenda hii, na nawaelewa. Sauti ya mtu inatuliza. Shida ni namba umeitoa wapi. Ikiwa imetoka kwenye barua yenyewe, umempigia mwizi umuulize kama yeye ni mwizi. Kuna barua ambazo hazina kiungo wala kiambatisho, ni ankara tu ya kitu cha bei kubwa na namba ya "kusitisha". Ukipiga, kijana mwenye adabu atakuomba uweke programu ya kuiona simu au kompyuta yako akiwa mbali ili "akurudishie" hela.

Mtindo huu si mdogo. Katika malalamiko ya kujifanya kampuni yaliyoifikia FTC, tume ya Marekani inayolinda walaji, kwa mwaka 2023, Best Buy, duka la Marekani la vifaa vya elektroniki, na tawi lake la ufundi Geek Squad yalitajwa karibu mara 52,000, Amazon karibu 34,000, PayPal karibu 10,000. Ndugu zetu walioko Marekani ndio walengwa wa moja kwa moja wa ankara hizi, hasa wazazi waliokwenda kulea wajukuu na kuachiwa simu yenye kadi ya mtoto ndani.

Ukitaka kuzungumza na mtu, anzia ndani ya programu ya duka, kwenye sehemu ya msaada. Mengi hukupa mazungumzo ya maandishi, na mengine hukupigia wao.

Kumwachia mtunza nywila

Programu ya kutunza nywila, hata ile ya bure iliyo ndani ya Chrome au iPhone, hukumbuka nywila pamoja na anwani ya tovuti iliyohifadhiwa. Ukifika kwenye ukurasa bandia wa "arnazon", haijazi. Inakaa kimya. Haichoki, haina haraka, haina mzigo wa mteja unaoiumiza kichwa, na herufi za Kisirili haziidanganyi kwa kuwa haisomi kwa macho. Ukimya wake ndio onyo. Kosa ambalo watu hulifanya hapo ni kukasirika na kuiandika nywila kwa mkono.

Hatua moja mbele ni ufunguo wa siri (passkey), ule unaoingia kwa alama ya kidole badala ya nywila. Amazon waliuanzisha Oktoba 2023. Huo umefungwa na anwani ya kweli, kwa hiyo hakuna nywila ya kumpa mwizi hata ukitaka. Usilinganishe na namba ya OTP inayokuja kwa SMS. OTP ni bora kuliko kukosa, lakini ukurasa bandia unaweza kukuomba nayo, na tapeli akaiingiza duka la kweli sekunde hiyo hiyo.

Pengo lake ni kubwa kwa mazingira yetu: mtunza nywila alinde atakavyo, hakuzuii kuandika namba ya kadi kwenye ukurasa wa "lipia TSh 1,500 kifurushi kitoke forodhani", wala kutaja namba ya siri ya M-Pesa. Kiasi huwa kidogo makusudi, usione haja ya kukishangaa. Wanachotaka ni kadi.

Zikiwekwa jirani

| Njia | Muda | Inachokamata | Kinachoipita |
|---|---|---|---|
| Lugha na sura | sekunde 10 | tapeli mvivu | karibu kila barua ya leo iliyoandaliwa vizuri |
| Anwani ya mtumaji | sekunde 5 | majina ya kuigiza | herufi zinazofanana, ankara zilizotumwa kupitia mfumo halali |
| Kuchungulia kiungo | sekunde 20 | tovuti bandia za wazi | QR, PDF, kidole kuteleza |
| Mlango wako | dakika 2 hadi 5 | oda na madeni ya kubuni, vitisho vya kufunga akaunti | ununuzi wa bila akaunti, matangazo ya Google |
| Kupiga simu | nusu saa na zaidi | jambo tata linalohitaji mtu | namba ya ndani ya barua |
| Mtunza nywila | hakuna, ukishaiweka | ukurasa bandia wa kuingilia | maombi ya kadi na ya M-Pesa |

Uchague ipi? Kama unanunua mara mbili tatu kwa mwaka kwa simu tu, chukua mlango wako na achana na nyingine zote. Weka programu ya duka, ondoa mazoea ya kubonyeza barua hata zile za kweli, umemaliza. Kujifunza kusoma anwani kwa oda tatu za mwaka ni kazi bure.

Kama unaagizia watu kama mimi, na barua thelathini zinaingia kwa siku, huwezi kufungua programu kwa kila moja. Mimi huanza na anwani, sekunde tano, kwa ajili ya kutupa takataka. Yoyote inayobaki na inayotaka hela, nywila au kitu chochote kifanyike leo, naikagua kwa mlango wangu, hata kama anwani imepita. Zile za "mzigo umetoka ghala" nazisoma tu, sibonyezi. Na mtunza nywila yupo nyuma ya yote kwa siku ambazo nimelala kwa saa tatu tu.

Kama unamsaidia mzazi, mfanyie mtunza nywila na ufunguo wa siri ukiwa naye, likizo moja, kisha mpe sentensi moja: akiletewa barua ya duka, apige kwako kwanza. Anwani na viungo usimfundishe. Utamchosha, na siku ya hofu hatakumbuka.

Kwa walioko kwenye mtandao wa polepole au wanaopima bando kwa MB, kuna njia ya kati: weka anwani ya ukurasa wa oda kwenye alamisho za kivinjari. Unafungua ukurasa mmoja, siyo programu nzima yenye picha za viatu.

Ukiwa umeshabonyeza na kuandika nywila, ibadilishe sasa hivi kwa kupitia programu ya kweli, na popote pengine ulipoitumia hiyo hiyo. Ikiwa ni kadi, piga benki waifunge kabla hujamaliza kusoma aya hii. Barua ya Amazon bandia itume reportascam@amazon.com, ya eBay spoof@ebay.com, ya PayPal phishing@paypal.com. Ikija kwa SMS, Tanzania unaituma 15040, na mteja wa Safaricom Kenya anaituma 333. Walioko Uingereza hutuma barua pepe kwa report@phishing.gov.uk.

Mama wa Tandika alinipigia tena wiki iliyofuata. Safari hii barua ilisema foronya zake nyingine zimechelewa meli. "Nimeingia kwa mlango wangu," akasema, "na kweli zimechelewa. Sasa huyu si mwizi, ni wewe nitakayegombana naye."